Chekeche la Bwana Sefania

Nchi yenyewe haina jina, na msidhani naogopa kulitaja. Ilikuwa nalo, tena zuri, la silabi nne. Lilipotea siku Mtambo wa Taifa ulipopandishwa kutoka Toleo la Pili kwenda Toleo la Tatu, baada ya wataalamu kugundua kwamba hakuna mtumishi aliyepangiwa kulitunza. Kisicho na mtunzaji kiondolewe, ndivyo waraka ulivyosema. Wakaliondoa, wakapongezana, wakanywa soda. Tangu hapo wimbo wa taifa huimbwa vizuri mpaka katikati ya ubeti wa kwanza, watu wakafika mahali jina lilipokuwa, wakanyamaza kidogo, kisha wakaendelea.

Mtambo ni kompyuta kubwa iliyojaza ghorofa tatu za jumba moja lenye feni nyingi kuliko madirisha. Hospitali, duka la unga, kufuli za milango, vipaza sauti, geti la makaburi: vyote huuuliza Mtambo kabla ya kukuhudumia. Ukiwemo humo, upo. Usipokuwemo, hata ukisimama dirishani unatokwa jasho, mhudumu atatazama kioo chake, atakutazama wewe, kisha ataamini kioo.

Ipo desturi nyingine ya huko ambayo lazima niieleze. Hakuna neno la serikali linaloanza bila kuwatambua waheshimiwa. Si hotuba peke yake. Barua ya kuomba likizo huanza na Mtukufu Mkuu wa Nchi, akafuata Waziri, Naibu Waziri, Makatibu, Makamishna, Wakurugenzi na Wakuu wa Vitengo, kila mmoja kwa jina lake kamili na vyeo vyake, ndipo mwombaji akaomba siku zake tatu. Kibao cha kusema choo ni kibovu kina kurasa mbili. Watu wamezoea. Mkubwa akipewa karatasi huangalia juu, akiona jina lake liko mahali pake hutia sahihi. Huku chini hakuna anayesoma, kwa kuwa huku chini hakuna mkubwa.

Aliyepata taabu ni Mtambo. Mwaka wake wa kwanza ulipewa agizo la kupeleka madawati mia mbili kwenye shule ya msingi, na agizo likaanza na salamu kama kawaida. Mtambo haujui salamu. Kwake kila jina lililomo kwenye agizo ni sehemu ya agizo. Ukamwandika Mtukufu pamoja na mawaziri kumi na wanne katika orodha ya samani za shule, ukawapa namba, ukapanga waletwe kwa lori siku ya Ijumaa.

Ndipo fundi mmoja, Bwana Sefania Mdoe, mtu mfupi mwenye kikohozi, akaandika programu ndogo ya mistari arobaini akaiita Chekeche. Ilikaa mlangoni mwa Mtambo. Agizo likija hupita hapo, salamu zikabaki juu kama makapi ya unga, shughuli yenyewe ikashuka chini. Programu ndogo ya namna hiyo, inayofanya kazi moja, mafundi wa huko huiita kifurushi. Chekeche lilifanya kazi miaka thelathini bila kosa, na kwa hiyo hakuna mkubwa aliyejua kuwa lipo.

Aliyejua ni Stumai. Alifundishwa kazi na Bwana Sefania tangu akiwa msichana, na mzee alipostaafu alimwachia meza yake, kikombe chake na vifurushi vyake. Kazi yao haikuwa ya kupigiwa vigelegele. Kila Mtambo unapopandishwa toleo, vipo vifurushi ambavyo havitengenezwi tena na mtu, na fundi lazima akae navyo kimoja kimoja, aamue kipi kiondoke na kipi kibaki, kusudi ukiondoa hiki kile kisianguke. Bwana Sefania alimwambia Stumai jambo hilohilo kila asubuhi kwa miaka mingi, huku akikoroga chai: "Mwanangu, kabla hujafuta, uliza nani anakihitaji."

*

Sasa ingieni kwenye Wizara ya Mambo Mapya, iliyokuwa chini ya Mheshimiwa Dakta Mhandisi Kapteni Mstaafu Amosi Ndimbwa. Shahada zake zilikuwa tatu. Mbili za heshima, na moja ya kuhudhuria. Toleo la Nne lilipokaribia, Mheshimiwa aliona mafundi wakifuta programu zilizoachwa, akapendezwa na jinsi orodha ilivyokuwa fupi na safi baadaye.

"Kwa nini tuishie kwenye programu?" akauliza.

Hakuna aliyemjibu, na kwa desturi za wizara hiyo kutojibiwa ndiko kukubaliwa. Ukatoka Waraka Namba Nne. Ulisema hivi, baada ya salamu: mwananchi yeyote ambaye hakuna mwingine anayemtegemea aondolewe Mtamboni pamoja na vifurushi vilivyoachwa, ili Taifa liwe jepesi.

Bwana Sefania alikuwa mjane, hakujaliwa mtoto. Mtambo ukajiuliza ni nani anamtegemea, haukupata jina, ukamwondoa siku ya Jumanne saa nne asubuhi. Yeye mwenyewe alikuwa anakula chapati. Alipata habari alipokwenda kununua unga, mashine ikakataa kadi yake, na aliporudi nyumbani kufuli nayo ikamkataa. Alikaa kibarazani kwake mpaka jioni, kisha akaenda kwa Stumai.

Alikaa huko miezi saba. Mwezi wa sita kifua kikambana. Stumai akamkokota hospitali, wakapanga foleni, wakafika dirishani.

"Dada, huyu mgonjwa hayupo," muuguzi akasema, macho yakiwa kwenye kioo.

"Huyu hapa. Nimemshika mkono."

"Namwona, dada. Lakini hayupo."

"Basi mpeni dawa mnayemwona."

"Dawa zinatolewa kwa waliopo." Muuguzi alikuwa mtu mwema, akashusha sauti. "Mpe maji ya moto na tangawizi."

Walimpa tangawizi mwezi mzima. Alikufa Alhamisi adhuhuri, kichwa chake kikiwa mapajani mwa Stumai, na mimi sina mzaha wa kuweka hapo.

Mzaha walikuwa nao makaburini. Karani alieleza kwa upole kwamba kibali cha mazishi hutolewa kwa aliyekufa, na kufa ni kutoka kwenye kuwepo, na asiyekuwepo hatoki popote. Fomu pekee aliyokuwa nayo kwa kitu kisichomo Mtamboni ilikuwa Fomu Namba Tisa, Kufukia Vifaa Chakavu. Stumai alikuwa na maiti barabarani na jua linapanda. Akaijaza. Aina ya kifaa: akaandika, fundi. Mwaka wa kutengenezwa. Rangi. Kama kina nyaya zinazoning'inia. Kaburi likawekwa kibati chenye maandishi VC 2207, maana kifaa chakavu hakiandikwi jina.

*

Alitaka kitu kimoja tu: jina la Sefania Mdoe liandikwe juu ya kaburi la Sefania Mdoe. Waraka wenyewe uliruhusu. Kifungu cha mwisho, ambacho Stumai alikiona baada ya mazishi tu, kilisema kilichoondolewa chaweza kurejeshwa akipatikana mtu mmoja aliye hai wa kuandika kwamba anakitegemea, na Waziri akiridhia. Stumai aliandika siku ileile, akatia sahihi. Ikabaki ridhaa.

Waziri alisikiliza wananchi kila Jumatatu, yeye mwenyewe, kwenye Dirisha Namba Saba, ili apigwe picha. Jumatatu ya kwanza Stumai akaeleza yote tangu tangawizi.

"Nimelipokea," akasema Mheshimiwa Ndimbwa, akatazama kamera.

Jumatatu ya pili: "Linafanyiwa kazi."

Jumatatu ya tatu mpiga picha hakuja. Waziri alisikiliza huku akisafisha miwani yake kwa tai.

"Mama, nchi inakwenda mbele. Unataka turudi nyuma kwa ajili ya kifaa kimoja?"

"Alikuwa mtu, Mheshimiwa."

"Kwenye faili hapa ni kifaa. Na aliyejaza fomu ni wewe, mwandiko huu hapa." Akatazama saa. Ilikuwa saa tisa na nusu, saa za kazi zimekwisha. Akafunga dirisha.

Stumai alibaki amesimama pale, pua yake karibu na mbao. Mimi ningependa kuwaambia kwamba alisamehe, kwa sababu hadithi za namna hiyo hupata zawadi. Hakusamehe. Alirudi kwenye meza yake akamchukia Amosi Ndimbwa kwa utulivu, kila siku ya kazi, kuanzia saa moja na nusu asubuhi.

*

Mwaka uliofuata likatangazwa Toleo la Tano. Kamati ya Kuachana na Yaliyopitwa na Wakati ikakaa, Waziri akiwa mwenyekiti, kusikiliza watunzaji wakitetea vifurushi vyao. Kila mtunzaji alipewa dakika mbili. Salamu peke yake huchukua nne. Kwa hiyo katika historia ya kamati hiyo hakuna kifurushi kilichowahi kutetewa. Mtunzaji wa kifurushi cha kalenda aligongewa kengele alipofika kwa Naibu Waziri, ndiyo maana mwaka ule nchi ilikuwa na Alhamisi mbili kwa wiki na haikuwa na Jumatano.

Stumai naye aligongewa kengele. Alikuwa anageuka kuondoka Waziri alipochungulia karatasi.

"Hiki kinachoitwa Chekeche ni cha jikoni?"

Wajumbe wakacheka kwa kiasi kinachoruhusiwa.

"Hapana, Mheshimiwa. Linakaa mlangoni mwa Mtambo. Linatenga majina ya waheshimiwa, agizo lenyewe ndilo linaingia."

Kicheko kikakatika. "Linatenga nini?"

"Majina ya waheshimiwa."

"Yaani jina langu, pamoja na Kapteni Mstaafu, halifiki?"

"Linabaki juu, Mheshimiwa."

"Tangu lini?"

"Miaka thelathini."

Waziri akasimama. Naibu akasimama. Waliobaki wakasimama kwa kufuata vyeo, na shughuli hiyo ikachukua muda. "Ndugu wajumbe!" akanguruma. "Kwa miaka thelathini tumesalimiana wenyewe kwa wenyewe! Tumeusalimia Mtambo, na Mtambo haujawahi kutusikia! Hujuma hii ni kubwa kuliko vita vyote ambavyo mimi, kama askari, ningepigana kama vingetokea! Chekeche litolewe leo hii kabla ya chakula cha mchana. Na agizo la kwanza la Toleo la Tano, hilo la kufuta vifurushi vilivyoachwa, litangulize majina yetu yote kwa herufi kubwa, kila moja na mstari wake!"

Stumai alikuwa fundi, na fundi aliyefundishwa vizuri huonya hata asipopenda. "Mheshimiwa, Mtambo haujui salamu. Agizo la kufuta likiingia na majina bila Chekeche..."

"Utazijua! Nani aliliandika hili Chekeche?"

"Bwana Sefania Mdoe."

"Aletwe hapa achukuliwe hatua."

Katibu wa Itifaki, Bwana Hamduni, akabonyeza kioo chake. "Hayupo, Mheshimiwa."

"Ana bahati," akasema Waziri, akakaa.

Stumai alikuwa na sentensi nyingine mdomoni, fupi, ambayo ingewaokoa wote. Akaimeza. Akasema, "Nimeelewa, Mheshimiwa," akatoka, akaenda kuliondoa Chekeche kama alivyoagizwa, tena kabla ya chakula cha mchana.

*

Agizo la kufuta aliliandika yeye. Majina yaliletwa na Bwana Hamduni kwenye bahasha yenye lakiri: watu mia tatu na kumi na wawili, kuanzia Mtukufu hadi Mkuu wa Kitengo cha Mapazia, kwa mpangilio usiogusika. Stumai aliyanakili moja moja, herufi kubwa, kila moja na mstari wake. Hakuongeza jina hata moja, na hilo naomba likumbukwe. Wote waliomo waliomba wenyewe wawemo.

Alipofika mwisho wa orodha mkono ukasita. Salamu za serikali humalizika kwa maneno "na wananchi wote kwa ujumla wenu". Akaweka kalamu chini, akapanda ngazi kwenda kwa Katibu wa Itifaki.

"Kaka Hamduni, hapa mwisho pana wananchi wote. Naomba tuwatoe."

"Wananchi?"

"Wananchi."

"Toa tu."

"Huulizi kwa nini?"

Bwana Hamduni akamtazama kwa huruma ya mtu mwenye shughuli nyingi. "Dada Stumai, kumtoa Mkuu wa Mapazia kunataka barua, kikao na cheti cha daktari. Hawa wananchi kuwatoa kunataka nini? Toa, tena utabana karatasi."

Akawatoa. Kisha akakaa mbele ya agizo lililokamilika, peke yake, chai ikiwa imepoa. Mistari arobaini ya Chekeche alikuwa nayo kichwani yote. Kuiandika upya na kuirudisha mlangoni kungemchukua nusu saa, wala hakuna ambaye angejua. Maneno ya asubuhi zote zile yalimjia, kabla hujafuta uliza nani anakihitaji, na kwa kuwa alikuwa mwanafunzi mwaminifu akauliza. Alipitia majina mia tatu na kumi na mawili, akajiuliza kwa kila moja, bila upendeleo, ni nani analihitaji. Alimaliza saa nane. Akasukuma kiti nyuma akaenda kutafuta chai ya moto.

Kesho yake Waziri aliletewa agizo atie sahihi chini ya maneno "Nimesoma na kuelewa". Alisoma mpaka kwenye jina lake, akahesabu vyeo vyake kwa kidole, akakuta vyote vipo. Akatia sahihi kwa wino wa kijani.

*

Uzinduzi ulifanyika uwanjani mbele ya jumba, chini ya mahema, kwa matarumbeta. Mtukufu mwenyewe alikuwa safarini, yuko angani anarudi, lakini kiti chake kilikuwepo na kilipigiwa saluti. Kioo kikubwa kilisimamishwa ili watu wote waone kazi ya Mtambo. Waziri alipanda jukwaani, akaoneshwa kitufe.

Kioo kikaandika swali.

"Linauliza nini, mama?"

"Linauliza kama una uhakika, Mheshimiwa," akasema Stumai.

"Mimi!" Waziri akawageukia watu. "Linaniuliza mimi kama nina uhakika!" Wakubwa wakacheka mpaka medali zikagongana. Akabonyeza Ndiyo kwa kidole gumba.

Majina yakaanza kutokea kwenye kioo, makubwa, meupe. MTUKUFU MKUU WA NCHI. Mbele yake pakaandikwa: TAYARI. Uwanja ukalipuka makofi. MHESHIMIWA DAKTA MHANDISI KAPTENI MSTAAFU AMOSI NDIMBWA. TAYARI. Waziri akaweka mkono kifuani.

"Unatusalimia!" akasema. "Mnaona? Baada ya miaka thelathini, Mtambo unatusalimia!"

Kila mheshimiwa alisimama jina lake lilipotokea, akainama kidogo, akapigiwa makofi, akakaa akiwa ameondolewa. Bwana Hamduni alilia, maana hakuwahi kuona jina lake kwa ukubwa ule. Zoezi lilichukua dakika ishirini na sita. Mkuu wa Mapazia alipopita, Mtambo ukaendelea na vifurushi vyenyewe, na hapo watu wakaacha kutazama.

Stumai alikuwa amesimama nyuma ya kioo. Alifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Alifurahi mpaka akashika nguzo ya hema.

Waziri akasogelea kipaza sauti kuanza hotuba. Kipaza sauti kikauuliza Mtambo, kikanyamaza. Akakigonga. Akahamia cha pili. Akatumia koo lake la kawaida, na ikagundulika kwamba sauti yake haikuwa kubwa hata kidogo. Kwa aibu akaelekea hema la chakula, akakutana na mlinzi mwenye kioo cha mkononi.

"Mzee, humu ni waalikwa tu."

"Waalikwa niliwaalika mimi! Hunioni?"

Mlinzi akatazama kioo, akamtazama yeye, akatazama kioo tena. "Nakuona, mzee. Lakini hupo."

*

Mengine yalikwenda haraka. Ndege ya Mtukufu iliomba kutua, uwanja ukajibu kwamba haumfahamu abiria. Ikageuka ikatua nchi jirani, ambako amepewa chumba na anaulizwa maswali kwa adabu. Magari ya wakubwa hayakuwaka. Nyumba zao hazikufunguka. Kikao cha dharura kikaitishwa lakini hakuna aliyeweza kuingia ukumbini, wakakifanya kwenye maegesho, wakatumia saa nzima kutambua uwepo wao kabla ya kukubaliana kwamba hawapo. Wananchi kwa upande wao walingoja mambo yaharibike. Maduka ya unga yalifunguliwa. Shule zilifunguliwa. Wiki ya pili foleni za hospitali zikapungua, na watu wakaanza kutazamana.

Mtambo, ambao hauvumilii kiti kitupu, ulianza kutafuta Kaimu Waziri. Ukaenda kwa Naibu: nafasi wazi. Makatibu: wazi. Makamishna, Wakurugenzi, Wakuu wa Vitengo: wazi. Ukashuka ngazi zote za wizara ukitafuta mtumishi wa kwanza ambaye hajawahi kutajwa kwenye salamu yoyote, mpaka ukafika chumba cha mafundi, meza ya dirishani.

Ridhaa ya kwanza ambayo Kaimu Waziri alitoa ilikuwa ya maneno mawili. Aliifungua ile karatasi yake ya mwaka jana, akaandika chini, "Naridhia. Stumai." Kioo kikafikiri kidogo. MDOE, SEFANIA, kikaandika. YUPO.

Alilia kwa kelele, kama ambavyo hakulia siku ya Fomu Namba Tisa. Kisha akanawa uso, akamwandikia cheti cha kifo kwa mkono wake mwenyewe, jina, siku, saa, maradhi, na pale penye "Sababu nyingine" akaandika, Waraka Namba Nne. Jioni akaenda makaburini na bisibisi. Aliweka kibao chenye jina zima la mtu, akang'oa kibati cha VC 2207, akakitia mkobani. Akawa anakitumia ofisini kukandamizia karatasi zisipeperushwe na feni.

Chekeche pia alilirudisha. Siku hizi salamu zinaruhusiwa kama zamani, na zinabaki juu kama zamani.

*

Amosi Ndimbwa alifika Dirisha Namba Saba Jumatatu ya nne baada ya uzinduzi. Alikuwa amepanga foleni tangu alfajiri nyuma ya mama mwenye kuku. Koti lilikuwa lilelile la uzinduzi.

"Stumai," akasema, "unanifahamu."

"Nakufahamu. Kwa asiyekuwemo Mtamboni tuna fomu mbili." Akazisukuma zote chini ya kioo cha dirisha. "Hii ni ya kurejeshwa. Hii nyingine ni Namba Tisa. Chagua."

Aliisoma Namba Tisa yote, mpaka chini kabisa, pengine ndiyo karatasi ya kwanza aliyoisoma hivyo. Akairudisha kwa ncha ya kidole. Akachukua ya kurejeshwa.

"Nijaze nini?"

"Ni rahisi. Mtu mmoja aliye hai aandike kwamba anakutegemea, kwamba bila wewe shughuli zake zinasimama. Ridhaa nitaitoa mimi, neno langu hilo. Waraka ni wako, unaujua."

Akaondoka na fomu mbio kidogo, akitabasamu. Mtu mmoja tu, nchi nzima! Alianza kwa dereva wake, ambaye alifikiri kwa dhati akasema gari linawaka vizuri sasa. Akaenda kwa Naibu wake, lakini sahihi ya asiyekuwepo haihesabiki. Mkewe alimfungulia mlango, maana yeye alikuwepo Mtamboni, akampa chai na mkate, lakini alipoombwa aandike kwamba shughuli zake zinasimama bila mumewe, alishika kalamu, akaiweka, akasema, "Baba Neema, unataka niseme uongo kwenye karatasi ya serikali?" Akaenda kwa wapiga kura wake. Walimsikiliza vizuri sana. Wakamwambia wamelipokea.

Alirudi kila Jumatatu kuomba muda zaidi, na Stumai hakumnyima. Fomu ikachakaa kwenye mikunjo. Ilikuwa imejazwa yote, kwa wino wa kijani, isipokuwa mstari mmoja.

Jumatatu ya mwisho ninayoijua mimi hakuomba muda. Aliweka fomu dirishani, akainama mpaka uso ukakaribia kioo. Alikuwa anakohoa.

"Mama," akasema, "na wewe je? Wewe mwenyewe. Hujawahi kunitegemea hata siku moja?"

Stumai akachukua kalamu. Kwa kweli aliichukua, akaifungua, akaiweka juu ya ule mstari mtupu, kwa kuwa swali lilikuwa la haki na alitaka kulijibu kwa haki. Kando ya mkono wake kile kibati kilikuwa kimelalia karatasi. Alikitazama.

"Nilikutegemea, Bwana Amosi," akasema. "Mara tatu. Kwenye dirisha hilihili."

Akafunga kalamu, akamrudishia fomu yake, akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tisa na nusu, saa za kazi zimekwisha. Akafunga dirisha.